Tangazo la muflisi: Haki ya mdai na sitara ya mdaiwa

IJUMAA moja, miaka michache iliyopita, tulikuwa tumekaa barazani nje ya msikiti kama ilivyo kawaida yetu baada ya swala. Mwenzetu mmoja akatoa mfukoni ukurasa wa gazeti, akaukunjua na kuusoma kwa sauti. Lilikuwa ni tangazo la mahakama. Lilieleza kwamba mfanyabiashara fulani, kwa jina lake kamili na mtaa anaoishi, mali yake imewekwa chini ya mfilisi, na kila anayemdai ajitokeze na vielelezo vyake.

Mambo haya si ya kila siku kwetu. Tumezoea zaidi matangazo ya mnada, dalali na nyumba zenye alama nyekundu. Tangazo la mtu binafsi kufilisika ni nadra, na huyu tulikuwa tunamfahamu sote. Ni mzee wa safu ya mbele msikitini, mwenye duka la vitambaa, ambaye kila Ramadhani alikuwa akileta tende.

Mimi nilifanya jambo ambalo wakati ule sikuliona kuwa ni jambo. Nilichukua simu, nikalipiga picha lile tangazo, nikalituma kwenye kundi la simu la watu wa mtaani. Sikuandika neno lolote baya. Niliandika tu: "Innaa lillaahi, tumuombee mzee wetu." Nikajiona nimefanya wema.

Baada ya kama miezi mitatu yule mzee alinifuata baada ya Maghrib. Hakuja kwa ugomvi. Aliniambia: "Mwalimu, lile tangazo ni la kweli na sina ugomvi nalo. Mahakama imefanya kazi yake. Nataka kujua moja tu. Wewe ulimtumia nani, na alikuwa na haja gani nalo?"

Sikuwa na jibu. Ndipo akanieleza kuwa ile picha ilitoka kundi hadi kundi mpaka ikafika mkoa mwingine, kwa familia iliyokuwa imeleta posa kwa binti yake. Familia ile ilirudisha maneno kwa mshenga kuwa wameahirisha. Kila mtu mzima anajua "kuahirisha" kwa namna hiyo maana yake nini.

Ndugu msomaji, makala haya yanatokana na swali la yule mzee. Nimelitafuta jibu lake katika dini yetu, katika sheria zetu na katika nchi za wenzetu ambao jambo hili limewasumbua kwa muda mrefu. Naomba tulisome pamoja, kwani katika zama hizi za simu kila mmoja wetu amekuwa mtangazaji.

Upande wa pili wa shilingi

Kabla hatujaendelea, niwe muadilifu. Yule mzee alikuwa anadaiwa, na mmoja wa waliokuwa wakimdai ni shemeji yangu.

Shemeji alimpa bidhaa za shilingi milioni nne kwa mali kauli, wiki chache tu kabla ya tangazo lile. Alipokuja nyumbani kunieleza alikuwa anatetemeka. "Shemeji," aliniambia, "kama ningejua hali yake mapema nisingempa hata jora moja. Watu walikuwa wanajua wakanyamaza. Kunyamaza kwao kumenila mtaji." Naye ana watoto, ana kodi ya fremu, na yeye mwenyewe anadaiwa na wenye mali.

Basi hapa tuna watu wawili waliodhurika. Binti amedhurika kwa sababu habari ilitangazwa. Shemeji amedhurika kwa sababu habari ilifichwa. Mtu akisema moja kwa moja kuwa habari za madeni ni siri ya mtu, ajue anamwambia shemeji yangu avumilie. Na akisema ni za hadharani kwa kila mtu, ajue anamwambia yule binti avumilie. Hebu tujiulize, je, hakuna njia ya tatu?

Kwa nini kufilisika kunatangazwa?

Watu wengi hudhani tangazo la kufilisika ni adhabu, yaani mtu anaaibishwa ili wengine waogope. Si hivyo. Msingi wake ni mahesabu.

Chukua mfano. Mtu ana mali ya shilingi milioni kumi na anadaiwa na watu watano jumla ya milioni ishirini. Bila utaratibu, anayewahi mlangoni ndiye anayepata. Wawili wa mwanzo wanabeba kila kitu, watatu wanabaki na karatasi. Kufilisiwa maana yake ni kwamba mali yote inakusanywa mahali pamoja, inauzwa na kugawiwa wote kwa uwiano wa madai yao. Katika mfano wetu kila mmoja atapata nusu ya anachodai, kabla ya gharama.

Sasa mgao huo hauwezi kuwa wa haki kama anayedai hakuambiwa. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kutangaza. Sababu ya pili ni kuwaonya wanaotaka kufanya biashara na mtu yule katika kipindi ambacho hana tena mamlaka juu ya mali yake. Sababu ya tatu ni kuwachunga wenyewe wanaogawa. Mfilisi na hakimu wanaofanya kazi gizani ni rahisi kupendelea.

Katika dini yetu jambo hili si geni. Imepokewa kuwa Mtume (SAW) alimzuia Muadh bin Jabal (RA) asitumie mali yake, na mali ile ikauzwa ili walipwe waliomdai. Katika Muwatta ya Imam Malik imo habari ya Umar bin al-Khattab (RA) na mtu wa kabila la Juhayna aliyeitwa Usayfi. Mtu huyo alikuwa akinunua ngamia wa kupanda kwa bei kubwa ili awatangulie mahujaji wenzake na kusifiwa kwa hilo, mpaka madeni yakamzidi. Umar alisimama mbele ya watu akawaeleza hali yake, na akawataka wote wanaomdai wafike asubuhi mali igawiwe. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi nao wamesema ni vizuri hakimu aweke mashahidi anapomzuilia muflisi mali yake, ili watu wajue na wasidanganyike katika kuamiliana naye.

Kwa hiyo aliyesema tangazo la mahakama lenyewe ni dhulma amekosea. Yule mzee mwenyewe hakusema hivyo.

Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, tangazo la Umar lilikuwa na walengwa na lilikuwa na muda: anayedai aje kesho asubuhi. Pili, tazama yaliyofuata kwa Muadh. Yule yule ambaye mali yake iliuzwa kwa ajili ya madeni ndiye aliyetumwa Yemen kufundisha watu dini na kuhukumu kati yao. Kufilisiwa kwake hakukuwa muhuri juu ya paji la uso. Deni lilishughulikiwa, na mtu akabaki na heshima yake.

Marekani: daftari lililo wazi kwa wote

Nchi ambayo imefungua kumbukumbu hizi kuliko nyingi ni Marekani. Sheria yao ya kufilisika ya mwaka 1978 inasema wazi kwamba nyaraka zinazowasilishwa katika kesi hizi ni kumbukumbu za umma, na mtu yeyote anaweza kuzikagua. Si lazima uwe unamdai mhusika. Si lazima utoe sababu.

Na ndani ya nyaraka hizo mna nini? Mtu anayeomba kufilisika anatakiwa aorodheshe kila alicho nacho, kuanzia nyumba na gari mpaka samani na nguo. Anataja kila anayemdai na kiasi. Anaandika mapato yake na matumizi yake ya kila mwezi: chakula, mavazi, matibabu, matunzo ya watoto, hata sadaka anazotoa kanisani au msikitini. Ukiona katika orodha ya madeni jina la hospitali, umeshajua kuwa nyumba hiyo ilipata ugonjwa. Kwa hiyo daftari la madeni ni daftari la maisha ya mtu.

Zamani uwazi huu haukuwa na madhara makubwa. Aliyetaka kuyajua hayo alifunga safari hadi mahakamani, akajaza fomu, akasubiri karani aende kabatini. Jirani mwenye udaku hakujisumbua kiasi hicho. Mwaka 1988 mahakama zao zilianzisha mfumo uitwao PACER wa kusoma majalada kwa kompyuta kupitia simu, na baadaye ukaingia kwenye intaneti. Leo mtu akiwa kitandani kwake anafungua jalada kwa senti 10 za dola kwa ukurasa, na waraka mmoja kwa kawaida haumgharimu zaidi ya dola 3. Akitumia kidogo hatozwi kitu.

Sheria haikubadilika. Kilichobadilika ni urahisi, na urahisi huo umebadilisha kila kitu. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliwahi kuligusa jambo hili mwaka 1989, katika shauri lililohusu kumbukumbu za jinai zilizokusanywa na serikali. Ilisema kuna tofauti kubwa kati ya habari zilizotawanyika katika mahakama na vituo vya polisi nchi nzima, na habari hizo hizo zikiwa zimekusanywa mahali pamoja. Habari kuwa ya umma hakuondoi maslahi ya mtu katika kutoianika tena.

Taratibu wameanza kuziba matundu. Mwaka 2005 Bunge lao liliwapa majaji uwezo wa kuzuia taarifa zinazoweza kumsababishia mtu kuibiwa utambulisho wake au kudhuriwa. Kuanzia Desemba 2007 kanuni zinataka majalada yaonyeshe tarakimu nne tu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii na za akaunti ya benki, mwaka tu wa kuzaliwa, na herufi za mwanzo tu za majina ya watoto. Lakini mengine yote bado yako wazi, na kampuni za kumbukumbu za mikopo zinaruhusiwa kuitaja habari ya kufilisika kwa miaka hadi 10.

Japani: muflisi kwenye ramani

Kama kuna aliyedhani kwamba uwazi wa karatasi na uwazi wa mtandao ni kitu kimoja, na asome yaliyotokea Japani mwaka 2019.

Huko, kwa miaka mingi, majina na anuani za waliofilisika yamekuwa yakichapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Hakuna aliyelalamika sana, kwani ni nani anayekaa kusoma gazeti la serikali? Walisoma mawakili, mabenki na wahusika. Kisha mtu mmoja akachukua majina yale yale na anuani zile zile, akayaweka juu ya ramani ya mtandaoni. Ukifungua unaona mtaa wako, na juu ya kila nyumba ya aliyefilisika kuna alama. Ukiigusa, jina linatokea.

Nchi ilitaharuki. Watu walioanza maisha upya miaka kadhaa nyuma walijikuta wameanikwa mbele ya majirani, waajiri na wanafunzi wanaosoma na watoto wao. Mamlaka ya kulinda taarifa binafsi iliingilia kati na mtandao ule ukafungwa Machi 2019. Lakini moto ulishawaka. Wakatokea wengine wakaiga. Mwaka 2020 mamlaka hiyo ilitoa amri za kuwazuia, mwaka 2022 ikatoa amri nyingine dhidi ya ramani mpya, na mwaka 2023 ikafikia kulipeleka suala hilo kwenye mkondo wa jinai.

Na hoja ya aliyetengeneza ramani ya namna hii huwa ni ipi? Ni kwamba habari hizo tayari ziko hadharani, yeye amezihamisha tu. Niliposoma habari hii nilijiona mimi mwenyewe pale barazani na simu yangu mkononi. Nami nilikuwa nimehamisha tu.

Ulaya: muda una mwisho wake

Wenzetu wa Ulaya wamelishika jambo hili kwa upande wa muda. Uingereza wana daftari la waliofilisika ambalo mtu yeyote anaweza kulipekua mtandaoni bure. Lakini tangu mwaka 2004 aliyefilisika kwa kawaida anaachiliwa baada ya mwaka mmoja, na miezi mitatu baada ya hapo jina lake huondolewa katika daftari lile. Mtu anayehofia kudhuriwa, kwa mfano mwanamke aliyemkimbia mume anayempiga, anaweza kuiomba mahakama anuani yake isionyeshwe.

Lakini wamefanya na jambo jingine la busara. Wametofautisha mkweli na laghai. Aliyekopa hali anajua hawezi kulipa, au aliyeficha mali, anaweza kuwekewa vizuizi vya kuanzia miaka 2 hadi 15, na jina lake linabaki wazi kwa muda huo wote.

Ujerumani nako daftari la umma la mtandaoni lilikuwa linaonyesha habari ya mtu kusamehewa madeni yaliyobaki kwa miezi sita tu. Lakini kampuni kubwa ya kumbukumbu za mikopo, SCHUFA, ilikuwa ikinakili habari hizo na kuzitunza kwa miaka mitatu. Maana yake serikali imekusamehe na kufuta, kampuni haijakusamehe wala haijafuta. Ukitafuta nyumba ya kupanga, unakataliwa. Tarehe 7 Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kampuni binafsi haiwezi kuitunza habari hiyo kwa muda mrefu kuliko daftari la umma lenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba lengo la msamaha ni mtu arudi katika maisha ya uchumi, na lengo hilo linakufa kama nakala inaishi kuliko asili.

Na kwetu je?

Hapa Tanzania tuna Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, ambayo shina lake ni la enzi za mkoloni wa Kiingereza. Utaratibu wake ni wa zama za karatasi: amri inatangazwa katika Gazeti la Serikali na katika gazeti la kawaida, na mdaiwa anahojiwa hadharani mahakamani. Kutoka katika hali hiyo hakuji kwenyewe. Mhusika anapaswa kuiomba mahakama. Wakenya, kwa sheria yao ya mwaka 2015, wameweka utaratibu ambao kwa kawaida mtu anaachiliwa baada ya miaka mitatu.

Upande wa faragha, Katiba yetu katika Ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake na maisha yake binafsi, na Ibara ya 18 inazungumzia haki ya kupata habari. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Sheria zipo, lakini mtaani mambo yanakwenda kwa kasi nyingine. Tumeshuhudia programu za mikopo ya simu ambazo mtu akichelewa siku mbili tu, ujumbe unatumwa kwa mkwe wake, bosi wake na kila jina lililomo kwenye simu yake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kenya walitoa kanuni mwaka 2022 zinazowapiga marufuku wakopeshaji wa namna hii kuwaaibisha wateja. Huko si kudai deni. Ni kuchukua heshima ya mtu kama rehani ambayo hakuiweka.

Mizani ya dini

Sasa turudi kwenye swali la yule mzee: ulimtumia nani, na alikuwa na haja gani?

Uislamu umekataza kupelelezana na kusengenyana (49:12), na kusengenya ni kumtaja mwenzako kwa jambo analolichukia hata kama ni la kweli. Hapa wengi tunateleza. Tunadhani ukweli wa habari unatosha kuihalalisha. Hautoshi. Habari ikiwa ya uongo inakuwa ni uzushi, kosa jingine kabisa.

Pamoja na hayo, wanachuoni, akiwemo Imam Nawawi, wameeleza hali ambazo kumtaja mtu kunaruhusiwa kwa haja ya kisheria, kama kushitaki dhulma na kumuonya Mwislamu anayetaka kuingia katika muamala. Dalili yao mojawapo ni habari ya Fatima bint Qays (RA), aliyemshauri Mtume (SAW) kuhusu wanaume waliomposa. Mtume alimweleza kuwa Muawiya hana mali, na akamweleza pia aibu ya yule mwingine. Hiyo ni habari ya umaskini wa mtu, imetolewa bila kificho. Lakini imetolewa kwa nani? Kwa yule aliyekuwa anahusika, alipouliza, kwa kiasi cha haja yake. Hakutajwa mtu juu ya mimbari.

Kisha dini imetofautisha wadaiwa. Mwenye uwezo anayechelewesha makusudi, Mtume (SAW) ameita kitendo chake dhulma, na katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud imeelezwa kuwa ucheleweshaji huo unahalalisha heshima yake na adhabu yake. Wanachuoni wamefafanua kuwa anayemdai anaruhusiwa kumsema kwa kumchelewesha. Ama mwenye dhiki ya kweli, Qur'ani imeamuru apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe kukahesabiwa kuwa ni kheri zaidi (2:280). Wakati wa Mtume mtu mmoja alinunua matunda yakapatwa na maafa, madeni yakamlemea. Mtume aliwataka watu wamtolee sadaka, na ilipokuwa haitoshi akawaambia waliomdai wachukue kilichopo, hawana zaidi ya hicho.

Tukiyaweka pamoja haya, nadhani tunapata maswali manne ya kujiuliza kabla hatujafungua midomo au simu zetu.

La kwanza, anayetaka kujua ana haki gani iliyo hatarini? Shemeji yangu alikuwa na haki, kwa sababu alikuwa anatoa mali yake. Mimi na baraza letu hatukuwa nayo. Anayeomba ubunge anaweza kuulizwa, na ndiyo maana Katiba ya Kenya inamzuia muflisi ambaye hajaachiliwa asiwe mbunge. Fundi wa baiskeli hana sababu ya kuulizwa.

La pili, anahitaji kiasi gani? Mwenye mali anahitaji kujua kuwa mtu huyu yuko chini ya mfilisi. Hahitaji kujua kuwa mkewe alilazwa.

La tatu, kwa muda gani? Aliyemaliza hesabu yake na kuachiliwa, habari yake nayo imalizwe.

La nne, mdaiwa ni mkweli au ni laghai? Aliyehamisha mali kwa jina la mke ili awadhulumu watu hana dai la sitara sawa na aliyeunguliwa na duka.

Na ningependa siku moja daftari letu la ufilisi lijengwe juu ya misingi hiyo. Anayekopesha aweze kuuliza jina la mtu mmoja na kupata jibu fupi: yuko chini ya amri au hayuko. Orodha nzima isiweze kuzolewa na kila mwenye kompyuta. Undani wa jalada ubaki kwa wanaodai, mfilisi na mahakama. Na tarehe ya kufuta iandikwe siku ile ile jina linapoingizwa.

Yaliyo mikononi mwetu

Lakini tusisubiri sheria. Shemeji yangu hakuumizwa na ukosefu wa daftari peke yake. Alitoa mali ya mamilioni kwa neno la mdomo. Aya ya deni (2:282) ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo inatuamuru tuandike na tuweke mashahidi. Tunaona haya kumwambia mzee wa safu ya mbele aandike, kisha hatuoni haya kumsoma barazani akifilisika. Uliza kabla ya kutoa. Taka mdhamini. Na anayekuuliza kwa haja ya kweli, mwambie ukweli, usimuachie mtego kwa kisingizio cha kusitiri.

Na wewe unayekopa, ukijua mambo yameharibika usichukue tena mali ya mtu. Waite wanaokudai mapema uwaeleze. Yule mzee alikiri mbele yangu kuwa hapo alikosea. Aliichukua mali ya shemeji akitumaini itamuokoa, naye alijua hali yake.

Tusisahau pia kwamba Allah (SW) amewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka (9:60). Je, ni misikiti mingapi ina utaratibu wa kumuuliza kwa siri muumini aliyelemewa? Pale kwetu hatukuwa nao. Tulikuwa na kundi la simu.

Mimi nilimuomba radhi yule mzee. Nikamwendea na mshenga, na kwa ridhaa ya mzee nikamweleza yule baba wa kijana jinsi mambo yalivyokuwa. Posa haikurudi. Yule binti aliolewa baadaye kwa watu wengine, alhamdulillah, lakini siwezi kusema kwamba nililirekebisha nililolifanya. Picha ile niliifuta kwangu. Iliko kwingine sina mamlaka nayo. Shemeji naye alipata sehemu ya haki yake katika mgao, iliyobaki amemuachia mzee kwa muda, kwa maandishi safari hii.

Mtume (SAW) aliwauliza maswahaba wake kama wanamjua muflisi ni nani. Wakamjibu kwa tunavyojua sisi sote, kuwa ni asiye na fedha wala mali. Akawaeleza kwamba muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamzushia yule na kula mali ya mwingine. Basi watagawiwa mema yake mpaka yaishe, kisha atabebeshwa madhambi yao.

Siku ile daftari litakuwa wazi, na wenye kudai watakuwa ni wale ambao majina yao tuliyapitisha mkononi. Tuseme kweli kwa anayehitaji, na tunyamaze kwa asiyehitaji.

Wabillahi tawfiq.